Dumu la Mawese na Tangi la Basi

Haya niliyaongea Jumapili kwenye kikao cha wakulima wa michikichi na vijana wa bodaboda, huku bonde la Luiche, Kigoma. Waliokosa wameniomba niandike, nimeandika kama nilivyoongea, sijapanga sana.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyie vijana mliokaa juu ya pikipiki huko nyuma mkidhani hamuonekani, mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini. Mnanijua, mimi ni fundi dizeli, nimezoea kuongea na injini kuliko watu, injini ukiikosea inazima tu haikusengenyi, kwahiyo nikiteleza mtanisamehe.

Nimeitwa kwa lile jambo la wageni. Walikuja na gari kubwa nyeupe, wakatundika shuka hapo ukutani wakaonesha picha kwa projekta, wakasema mawese yetu yanaweza kuendesha magari na maroli huko nje, eti ni mafuta safi, hayaharibu hali ya hewa, na wanachohitaji ni hekta elfu nne tu za ardhi "isiyotumika". Mzee mmoja hapa, sitamtaja, akauliza isiyotumika na nani, maana pale walipochora na kalamu nyekundu ndo ng'ombe wake wanapolala. Watu wakacheka, mgeni naye akacheka, ila swali halikujibiwa.

Sasa kabla sijawasema wengine nianze na kosa langu. Mimi ni mmoja wa watu wa mwanzo hapa kuweka mawese kwenye injini. Ilikuwa 2008, mnakumbuka mafuta yalivopanda mwaka ule, pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147 mwezi wa saba, na sisi tulioko mwisho wa reli kila kitu kinapanda mara mbili, kwanza chenyewe, afu na nauli ya kukileta. Kulikuwa na mashine ya kusaga, injini ya silinda moja zile za kuwasha kwa hendeli, mwenye mashine analia dizeli inamla faida yote. Nikamwambia kaka, wewe una michikichi nyuma ya nyumba unalia nini, tujaribu. Tukachuja mawese kwa kipande cha khanga mara tatu, tukapasha kwenye sufuria, tukachanganya nusu kwa nusu na dizeli. Ikawaka! Watu walijaa, moshi unanukia kama mtu anakaanga maandazi, watoto wanagombania kusimama karibu na bomba, mi siku ile nilitembea kama profesa. Siku ya kumi na moja asubuhi, kipindi kile cha baridi, nafika nakuta tangi limeganda, mawese yamekaa mle kama siagi ya rangi ya machungwa, filta imejaa ute, nozeli imeziba, na nilipofungua silinda nikakuta ringi zimekwama kwenye masizi magumu nikayabandua na tindo. Nozeli ikabidi itoke Dar. Yule bwana hakunisalimia mpaka Idi.

Kwahiyo siongei kama mtu anayechukia mafuta ya mimea. Nilikuwa nayapenda. Na injini ya dizeli siyo ngeni kwa mafuta ya kula hata kidogo, kwenye maonesho ya Paris mwaka 1900 kuna injini ilizungushwa kwa mafuta ya karanga, na mzee Rudolf Diesel mwenyewe baadae aliisifia. Tatizo ni kwamba mafuta ya mmea ni mazito, ili yawe dizeli yenyewe lazima uyapike. Mama zangu mnaopika sabuni hapa mtanielewa haraka kuliko vijana, ni kama sabuni tu, unatumia kostiki, ila badala ya maji unaweka spiriti ya methanoli ambayo ni sumu inapofua macho, inatoka dizeli juu na gliserini inakaa chini. Na hiyo methanoli kwa sehemu kubwa inatengenezwa kwa gesi asilia. Umeona mambo, tumeanza kwenye mchikichi tumeishia kwenye kisima cha gesi. Hiyo ndo ya dizeli. Ya petroli wanatumia etanoli, inatoka kwenye miwa au mahindi, na etanoli msiiogope jina, ni gongo iliyosoma.

Sasa naombeni tupige hesabu, maana wageni walionesha picha nyingi ila hesabu hawakuonesha. Basi la hapa kwenda Dar linakimbia kilomita 1,200 na ushee. Basi kubwa linakula lita moja kwa kilomita tatu hivi, likiwa zima, dereva akiwa na adabu. Yani safari moja ya kwenda, bila kurudi, ni lita mia nne na zaidi. Hekta moja ya michikichi ya kisasa, ile tenera, ikitunzwa kama wanavyotunza Malaysia na Indonesia na mbolea juu, inatoa tani 3 mpaka 4 za mafuta kwa mwaka, tuseme 4, tusiwe wachoyo, hiyo ni kama lita 4,400. Igawe. Safari kumi. Hekta nzima, mwaka mzima, kupalilia, kukata mikungu, kubeba, kuchemsha, kukamua, yote hayo yanaisha kwenye safari kumi za basi moja, tano za kwenda na tano za kurudi. Na hapo sijahesabu dizeli ya trekta, sijahesabu lori la kubeba mbolea, sijahesabu kwamba michikichi yetu mingi hapa ni ile dura ya mababu, kokwa nene nyama kiduchu, haifiki hata nusu ya hiyo.

Afu igawe kwa upande mwingine. Familia inayopikia lita moja kwa wiki inatumia lita 52 kwa mwaka. Hekta ileile inalisha familia themanini na kitu mwaka mzima. Haya, huku safari tano za kwenda na kurudi, kule kaya themanini. Nilipiga hesabu hii kwa kalamu nyuma ya risiti ya filta, nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Na mahindi ni vivohivo. Benki ya Dunia kwenye ripoti yao kubwa ya mwaka 2008 waliandika kwamba kujaza tangi la lita 100 la gari kubwa kwa etanoli kunahitaji zaidi ya kilo 240 za mahindi, chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Kilo 240 ni gunia mbili na debe mbili hivi. Mara moja kujaza tangi. Afu fundi nawaambia lingine, etanoli haina nguvu kama petroli, lita moja ya etanoli ina kama theluthi mbili tu ya nguvu ya lita ya petroli, kwahiyo umeweka chakula cha mwaka wa mtu kwenye tangi na bado utafika njiani kabla ya mwenzio.

Mtu atasema sasa wewe fundi, sisi shida yetu ni soko, kama mzungu ananunua mawese kwa bei nzuri si heri? Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, wenye simu wekeni chini kidogo, maana hapa ndo penye mkia wa chui.

Mteja wa kawaida wa mawese ni nani? Ni mama ntilie, ni muuza maandazi, ni mama anayepika sabuni, ni mtu wa Tabora anayepakia madumu kwenye treni. Huyo bei ikipanda ananung'unika, anapunguza, anahamia kwenye alizeti, mnabishana mnaelewana. Mteja wa mafuta ya gari siyo mtu, ni sheria. Ulaya mwaka 2009 walitunga sheria kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itokane na vitu vinavyojirudia kama mimea na jua, na hapo mwanzo sehemu kubwa ikategemewa kutoka kwenye mazao. Marekani walitunga yao 2005 wakaiongeza 2007, ikafika mahali kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya mahindi yao yanaenda kwenye viwanda vya etanoli, japo tuseme kweli, makapi yake yanarudi kuwa chakula cha mifugo. Sasa mwenye kiwanda cha mafuta akiwa amelazimishwa na sheria achanganye asilimia fulani, asipochanganya anapigwa faini, huyo hapunguzi kwa sababu dumu limepanda. Hanung'uniki. Ananunua tu. Anayepunguza ni yule mwingine sokoni, na mwingine ni mama ntilie.

Yani mkishaunganisha dumu la mawese na pampu ya mafuta, bei ya kukaangia samaki Kibirizi itakuwa inapangwa na vita ya Uarabuni.

Msidhani natunga. Januari 2007 huko Mexico watu makumi elfu waliingia barabarani kwa sababu ya bei ya tortila, ile chapati yao ya mahindi, ugali wao tuseme, kipindi hichohicho Marekani wanajenga viwanda vya etanoli kila kona. Mwaka uliofuata chakula kilipanda dunia nzima, fujo zikatokea Haiti, Kamerun, Misri. Sisemi ni nishati mimea, yani haya mafuta ya gari yanayotoka kwenye mazao, peke yake, kulikuwa na ukame Australia, kulikuwa na mafuta kupanda, nchi zikafunga milango ya kuuza mchele nje. Lakini ilikuwemo, tena siyo kidogo, mpaka mwaka 2011 mashirika makubwa, FAO ya chakula na Benki ya Dunia wakiwemo, yaliziandikia nchi za G20, zile zenye uchumi mkubwa, kwamba muondoe ruzuku na masharti haya ya kuchanganya.

Na kuna hii ya juzijuzi ambayo kila mtu hapa aliilipa kwa mfuko wake. Indonesia ndo nchi ya kwanza duniani kwa mafuta ya mawese, hakuna anayeifikia. Mwaka 2020 walianza kuchanganya asilimia 30 ya mawese kwenye dizeli yao, 2023 wakaenda 35, 2025 wakaenda 40. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikabana mafuta ya alizeti, bei zikaruka, na huko Indonesia, kwenye nchi yenye mawese kuliko zote, watu wakapanga foleni kununua mafuta ya kupikia! Serikali yao Aprili ile ikafunga kuuza nje kabisa, ikafungua mwezi uliofuata. Mnakumbuka bei ya mafuta ya kula hapa kwetu mwaka ule? Mnakumbuka mtu anapima kijiko? Tanzania tunaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, mengi yake ni hayohayo mawese ya Asia. Ndo maana Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, alipokuja 2018 na kampeni ya michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga wakapewa kazi ya kutafiti na kuzalisha mbegu bora, lengo lilikuwa sufuria. Miche ile tuliyobebana nayo kwenye baiskeli ilikuwa ya sufuria. Sasa aje mtu aigeuze kuwa ya tangi, na sisi bado tunaagiza mafuta ya kukaangia kutoka Asia, hiyo akili mimi sijaielewa.

Haya, tuje kwenye neno "safi". Hapa sitakaa sana ila msikie. Hoja yao ni kwamba mti ukikua unavuta hewa ya ukaa, ukichoma mafuta yake unairudisha ileile, kwahiyo ngoma droo. Hoja nzuri kama ule mchikichi umeota pasipokuwa na kitu. Lakini ardhi haikuwa tupu! Ukifyeka miombo, ukichoma visiki, hewa iliyokaa kwenye miti miaka mia inatoka kwa wiki mbili, ya kwenye udongo inafuata, ndo deni lako la kuanzia. Mwaka 2008 watafiti Wamarekani walipiga hesabu hiyo ya deni kwenye jarida la Science, wakakuta ukikausha msitu wa mboji, ile ardhi chepechepe ya mimea iliyooza, kule Indonesia na Malaysia ili uoteshe michikichi ya dizeli, itakuchukua miaka 423 ya kuendesha magari kwa dizeli hiyo ndo ulipe hewa uliyoitoa kwa kufyeka na kukausha. Miaka 423! Hata ile meli yetu ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani ikaibuliwa na Waingereza, na ikabadilishwa kutoka mvuke kwenda dizeli, ina miaka mia na kitu tu. Afu ile mboji ikishakauka inawaka, 2015 iliwaka wiki kwa wiki mpaka Singapore watu wakavaa barakoa kabla hata ya korona.

Na kuna ujanja mwingine wa hesabu. Mtu anakwambia mimi sijakata msitu, nimechukua shamba la mahindi lililokuwepo. Sawa. Yule aliyekuwa analima mahindi pale ameenda wapi? Amekufa? Amesogea. Amepanda mlima, ameingia msituni, amekata huko. Wewe unahesabiwa msafi, yeye anaitwa mharibifu wa mazingira anakimbizwa na askari wa misitu. Watu wa Ulaya wenyewe walikuja kukubali hili, 2015 wakaweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta ya mazao ya chakula, 2019 wakayaweka mawese kwenye kundi la hatari kubwa kwa msitu, yapungue mpaka yaishe 2030. Kwahiyo huyo anayekuja kwetu leo na mawese ya Ulaya muulizeni hiyo 2030 anaijua. Mchikichi unaanza kuzaa miaka mitatu minne, unavunwa mpaka kama ishirini na tano. Soko lake lina tarehe ya kufa ishaandikwa, mchikichi wako bado unatoa ua.

Sisi hapa msitu tulionao si wa mchezo. Kutoka Gombe mpaka Mahale kuna sokwe, miombo yote ya Uvinza kule kuna nyuki na vyanzo vya maji vinavyoingia Malagarasi. Mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alikuja Gombe 1960, na ilipofika 1994 ikabidi waanzishe mradi wa kusaidia vijiji kwa sababu waliona nje ya mpaka wa hifadhi vilima vimebaki upara. Upara ule tuliufanya wenyewe kwa njaa na kuni, sikatai. Sasa tuufanye tena kwa ajili ya kituo cha mafuta cha mtu?

Ardhi. Mwenyekiti naona unaangalia saa, nipe dakika tano, hili ndo la kikao chenyewe.

Mwaka 2005 mpaka 2009 hivi nchi hii iliingiwa na homa ya mbono kaburi. Mnaujua mbono kaburi, upo kwenye makaburi yetu yote, tunaupanda uwe alama, mbuzi haugusi kwa sababu ni sumu. Wakaja wakasema huu mmea ni wa ajabu, unaota jangwani, hauhitaji maji, mbegu zake zinatoa dizeli. Kweli kwenye ukame unaota. Kuota siyo kuzaa! Ardhi mbovu ulitoa majani na mbegu za kuhesabu kwa vidole, ili uzae ukataka ardhi nzuri na maji kama mahindi tu. Kisarawe kampuni ya Waingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka kwenye vijiji 11, wakaahidiwa kazi, maji, zahanati. Kilwa walikuja Waholanzi. Bagamoyo Waswidi na miwa yao. Serikali 2009 ikasimamisha miradi mipya, 2010 ikatoa miongozo. Kampuni ya Kilwa ikafilisika, ya Kisarawe 2011 ikafilisika, mamia ya watu wakaachishwa kazi wakarudi nyumbani, na nyumbani shamba halipo.

Kwa nini halipo? Hapa mnisikilize hata nyie wa pikipiki. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ni nzuri, inawapa kijiji meno. Lakini mgeni hawezi kumiliki ardhi ya kijiji moja kwa moja, kwahiyo ili apewe, ardhi inahamishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, inashikwa na serikali, ndo anakodishwa miaka hata 99. Mgeni akifilisika, ardhi hairudi yenyewe kwenu kama ng'ombe anavyojua zizi. Ipo kwenye daftari lingine. Anaweza kuja mgeni wa pili akanunua mabaki ya yule wa kwanza, nyie mnasoma kwenye gazeti.

Na eneo likizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni, uamuzi unaenda kwa waziri. Likiwa 250 au chini, mkutano mkuu ndo unakubali au unakataa. Wale wameomba elfu nne kwa mpigo. Sijui kama ni bahati mbaya au kuna mtu kasoma sheria vizuri kuliko sisi.

Kijana mmoja aliniuliza jana pale kijiweni, sasa fundi wewe unataka nini, tuendelee na dizeli ya Waarabu? Hapana. Kuna nishati mimea isiyonyang'anya mtu. Brazil wana etanoli ya miwa tangu 1975, wanachoma makapi ya miwa yenyewe kuendesha kiwanda, na petroli yao sasa ina asilimia 30 ya etanoli, mahesabu yao ni bora mbali kuliko mahindi ya Wamarekani, ingawa na wao wakata miwa wameteseka sana na ng'ombe zimesukumwa kuelekea msituni. Ukitumia molasesi, ule uji mweusi wa miwa uliobaki kiwandani, sawa. Ukitumia makumbi ya chikichi na vifuu vya mise, yani kokwa za chikichi, kuchemshia pipa badala ya kuni za miombo, sawa kabisa, tena mama zangu hilo mnalifanya tangu zamani bila projekta. Mafuta yaliyokwisha kukaangia, nayo sawa, japo huko Ulaya wamejikuta wakitilia shaka kontena zinazoandikwa mafuta machafu kumbe kuna wasiwasi ndani ni mawese mapya, maana mafuta machafu yakilipwa kuliko masafi binadamu atayachafua makusudi.

Ila kwa usafiri wenyewe, ukiniuliza mimi ninayekula kwa dizeli, ni jua na umeme. Jani linakamata chini ya asilimia 1 au 2 ya jua, paneli inakamata kama 20. Eneo lilelile la hekta, paneli inasukuma pikipiki mbali zaidi ya mchikichi siyo mara mbili, ni makumi ya mara. Reli ya umeme inajengwa Tabora kuja hapa, boda za betri Dar zimeshazoeleka. Mimi nitakufa njaa, najua, nimeanza kujifunza kufunga waya za mota, macho ndo hayaoni vizuri.

Na msidhani homa imepona. Imebadilisha nguo tu. Sasa hivi ni ndege. Ulaya kuanzia 2025 mafuta ya ndege lazima yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu, 2030 asilimia 6, 2050 asilimia 70. Kutoka wapi? Hapo jirani Kenya, Makueni, Waitaliano walifungua kiwanda 2022 cha kukamua mbegu za nyonyo na nyinginezo, mzigo wa kwanza wa mafuta ukasafirishwa kwenda Italia mwaka uleule. Pale mkulima anabaki na shamba lake, hilo ni afadhali kuliko Kisarawe mara mia. Lakini hekta ya mkulima ni ileile moja, akipanda nyonyo hajapanda kunde. Kwahiyo watakuja wengine, watakuwa na maneno mapya, msikilize hekta tu.

Nilipofika hapo mwenyekiti akanikata, akaruhusu maswali. Bibi mmoja wa pale chini mtoni, anakamua mawese tangu sijazaliwa, akasimama polepole akashika fimbo. Akasema yeye hajaelewa mambo ya hewa, ila anataka kujua wale wageni wakija, ile mashine yake ya kukamua, ile ya chuma ambayo wajukuu wanasukuma mti kwa kuzunguka, itapata chikichi wapi, kwa sababu kiwanda kikubwa kitanunua mikungu mibichi shambani, hakuna atakayeleta kwake kuchemsha. Na akikosa chikichi hana mise, na akikosa mise hana sabuni, na sabuni ndo ada ya shule. Nikasema bibi, hilo hata mimi sikuwa nimeliandika. Nimeliandika sasa.

Kijana mwingine akauliza kama wakitupa hisa je. Nikamwambia ziandikwe kwanza kwa Kiswahili, zisomwe hapa chini ya mwembe kwa sauti, na ramani ibandikwe pale ofisini tuone kalamu nyekundu imepita wapi, afu tuongee.

Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumatano saa nne asubuhi. Mtendaji kasema muhtasari wa kikao kilichopita utasomwa, nendeni mkausikilize kama mna shamba upande wa mtoni. Na mwenye ile mashine ya kusaga inayotoa moshi mweupe, nipo pale kwa muuza chipsi, njoo na nozeli yenyewe usije na maelezo.